Mkuu wa Wakomba Uji

Jumatatu, 17 Novemba

Wamempa Tiyamike wangu shule. Hawakumpa usaidizi wala zamu ya kukoroga, wamempa ukuu. Mfumu Ndalapa mwenyewe, mkuu wa kijiji chetu, alisimama mbele ya kijiji kizima, kofia mkononi, akasema kuanzia leo shule ya wakomba uji iko chini ya binti wa Enifa, yaani mimi. Hakumtaja baba yake, na baba yake alikuwa palepale anaziba pancha ya baiskeli ya mtu.

Sasa nakusalimu, daftari. Hujambo. Umetoka kwenye mafunzo ya wiki mbili aliyokwenda Tiyamike mjini Kasungu. Walipewa madaftari mawili mawili, moja akaniletea mimi. Akasema, "Mama, mdomo wako unafanya kazi nyingi, mengine yaandike humu." Mimi niliishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaupitisha madarasa mengine wakautazame. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Jina la shule watu wanalicheka. Mkombaphala, mkomba uji, ndivyo inavyoitwa shule ya wadogo wasiofika darasa la kwanza: mtoto anakuja na kikombe, anakunywa, anakomba kwa kidole, anarudi kwao. Wengi wanadhani kazi yenyewe inaishia hapo. Jirani yangu Mama Laston, ambaye mwanawe yuko benki Lilongwe (anafungua mlango wa benki, ila ukimsikiliza mama yake utadhani anafungua sefu), alinijia huku anatabasamu.

"Hongera jirani. Kidato cha nne chote kile, kumbe kilikuwa cha kukorogea uji."

"Asante jirani," nikamwambia. "Wa kwako anafungua mlango, wa kwangu anafungua vichwa."

Lakini kuna sharti, na niliandike vizuri. Kila mwaka ikifika Januari unga unaisha majumbani, basi shule inafungwa mpaka mavuno. Tiyamike alisimama akasema, "Mfumu, naomba nisipewe shule ya kufungwa. Watoto wa mjini hawafungiwi kwa sababu ya mvua. Wa kwetu wanapoteza miezi minne kila mwaka, halafu wanaingia darasa la kwanza wako mia na ishirini kwa mwalimu mmoja. Asiyejua hata kuitikia jina lake anasukumwa nyuma, na wa nyuma haonekani tena."

Mfumu akageuza kofia. Kisha akasema atakuja Februari, siku atakayopenda yeye. Akikuta watoto ishirini, shule haitafungwa tena maishani mwake. Akikuta pungufu, jengo linarudi kuwa stoo ya mbolea ya ushirika.

Watoto ishirini mwezi wa njaa. Nimemzaa mimi huyu.

Jumatano, 19 Novemba

Leo kisimani nilikuwa na maneno. Wale wanawake wa tumbaku, walioletwa na lori kutoka kusini kulima shamba la tajiri ng'ambo ya kijito, walikuwa kwenye foleni. Mmoja mrefu, Mama Ellufe, akaniuliza, "Dada, hiyo shule ya binti yako, na wa kwetu wanaingia?" Nikamwambia, "Shule ya mwanangu ni ya watoto wanaooga, si ya watoto wa tumbaku." Wenzangu walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Jibu lilinijia lenyewe, wala sikulitafuta.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Tumepanda mahindi mpaka kiuno kikakataa.

Jumatatu, 1 Desemba

Shule imefunguliwa na watoto thelathini na mmoja, nimewahesabu kupitia dirishani. Kila nyumba imetoa sahani ya unga. Nilivaa kitenge changu cha kanisani.

Ila nilishangaa kidogo. Nilitegemea mkuu asimame mbele na fimbo ya kuonyeshea ubao. Huyu wangu amechuchumaa chini kabisa, pua kwa pua na watoto wenye makamasi, wanachezea vizibo vya chupa. Asubuhi nzima walifanya jambo moja: mtoto anasema, "Mimi naitwa fulani, na wewe je?" Wa pili anajibu, anamuuliza wa tatu. Basi. Nilimwambia, "Mwanangu, mkuu hachuchumai." Akaniambia, "Mama, macho yao yako huku chini."

Sikupenda, lakini kwa Mama Laston nilisema ni mbinu mpya ya serikali.

Jumatatu, 15 Desemba

Tiyamike amepita ng'ambo akahesabu watoto wadogo wa watu wa tumbaku. Wako kumi na wanne, na hata mmoja haji. Anasema wanaingia darasa la kwanza bila chochote, wanarudia mwaka, wanarudia tena, mwisho wanabaki shambani kuokota majani.

"Mama, unajua kwa nini hawaji?"

Nikamwambia wale hawapendi shule, ndio tabia yao. Akaandika. Nilikwenda kutazama kuku.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wali na kuku, yule jogoo mgomvi. Baba Tiyamike aliimba kanisani kwa sauti yake ile mbovu, tukasamehewa.

Jumatatu, 12 Januari

Mahindi yamefika magotini na ghala limefika sakafuni. Leo watoto ishirini na wanne. Ninapika uji mimi na Mama Laston kwa zamu, na uji wa Mama Laston ni mwepesi mno, unapita mdomoni kama upepo, husikii umepita.

Ijumaa, 23 Januari

Kumbikumbi wametoka. Tumewakaanga, watoto wamekula shuleni kwa viganja, hakuna aliyelia leo. Tiyamike akawafundisha kuhesabu kwa mabawa. Nilipenda.

Jumatatu, 2 Februari

Sasa uji ni mara tatu kwa wiki. Na nimegundua jambo ambalo hata mafunzoni Kasungu hawakulijua. Akina mama wa hapa hawatazami siku, wanatazama moshi. Moshi ukipanda nyuma ya shule, wanamkabidhi mtoto kikombe, "Nenda." Usipopanda, mtoto anabaki. Siku ya moshi walikuja ishirini na wawili, siku isiyo na moshi wanane.

Nilimweleza Tiyamike. Akakaa juu ya ndoo, akashika shavu. "Kwa hiyo hawaleti watoto shuleni, wanawaleta jikoni."

"Ndilo jina la shule, mwanangu."

"Jina hilo nitalimaliza," akasema. Sijui atalimalizaje.

Jumanne, 10 Februari

Mvua siku nne. Hakuna unga nyumba yoyote hapa kijijini. Tunakula majani ya maboga, na maembe yaliisha zamani. Watoto saba.

Jumatano, 18 Februari

Mke wa Mfumu amenidokeza: mumewe anakuja kesho. Sijamwambia Tiyamike. Nina wazo.

Alhamisi, 19 Februari

Leo nitaandika kurasa nyingi, na mwandiko usiutazame.

Niliamka mapema nikaenda jikoni mwa shule. Unga haukuwepo. Lakini kuni zilikuwepo, na maji, na sufuria kubwa. Nikasema moyoni, kwani wanatazama nini wale? Moshi. Nikawasha. Nikatupia majani mabichi ili moshi uwe mnene. Ulipanda juu ya kijiji kama kitu cha sherehe.

Wakaja. Jamani, walikuja. Kila njia kikombe, kikombe, kikombe. Watoto ishirini na sita. Na nyuma yao, peke yake, kasichana ka ng'ambo ya kijito, nguo imelowa mpaka kifuani, kameshika kopo la maziwa kwa mikono miwili. Huyo ni Ellufe. Hakuingia, alisimama mlangoni.

Mfumu akafika na fimbo yake, akahesabu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nyuma ya sufuria nakoroga maji kwa mwiko mzito, uso wangu wa mtu mwenye kazi. Nilidhani atahesabu na kuondoka. Lakini alikuwa amepanda kilima, amechoka, akasema, "Basi wagawieni watoto uji, na mimi nionje."

Tiyamike akaja jikoni anakimbia, furaha imemjaa. "Mama, umepata wapi unga?" Akafunua sufuria.

Sitausahau uso wake. Watoto wakapanga foleni, vikombe juu. Wa kwanza akachungulia akasema kwa sauti ya kengele, "Ni maji." Halafu kilio kikaanza, kimoja, viwili, ishirini na saba.

Ndipo akafika Mama Ellufe, amemfuata mwanawe, matope mpaka magotini. Akamwona mtoto wake na kopo tupu. Akamwinua mgongoni. Mfumu akamuuliza, kwa upole kabisa, "Na ninyi wa ng'ambo, mbona hamleti watoto siku zote?"

"Mfumu, sisi tuliambiwa shule hii si ya watoto wa tumbaku. Tuliambiwa ni ya watoto wanaooga."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Yupo hapo," akasema. "Anakoroga maji."

Mwiko bado ulikuwa mkononi mwangu. Mama Laston alikuwa pale, na badala ya kunicheka akainama kumfuta mtoto machozi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mfumu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivaa kofia, akamwambia Tiyamike, "Binti, leo nimehesabu moshi. Nitarudi Ijumaa ijayo, tarehe ishirini na saba. Moto usiwashwe. Nikikuta ishirini, nimemaliza. Nisipokuta, mbolea inakuja Jumatatu."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Tiyamike alitangulia. Mlangoni akageuka. "Mama, niliandika kwenye ripoti kwamba hawapendi shule. Niliandika kwa mkono wangu, kwa sababu ulisema wewe."

Ijumaa, 20 Februari

Watoto sita. Wengine mama zao wanasema, hatutaki kudanganywa na moshi tena.

Tiyamike ananisalimu kama mgeni.

Jumamosi, 21 Februari

Nimevuka kijito.

Sikuvaa kitenge cha kanisani. Nilivaa cha shambani, nikavuka maji yakinifika mapajani, nikafika kwenye banda la tumbaku. Wanawake walikuwa wamekaa chini wanatunga majani kwenye kamba kwa sindano ndefu, jani kwa jani, na banda zima linanuka mpaka machozi yanatoka. Nikashukuru harufu, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja hata hivyo.

"Mama Mkuu amekuja," akasema Mama Ellufe bila kuinua kichwa. "Jamani, mmeoga?"

Wakacheka. Nilistahili, nikasimama wakacheka mpaka wakamaliza.

Nikasema, "Nilisema neno baya kisimani. Nilisema nichekwe, nikachekwa, nikarudi nyumbani nimefurahi. Nilikosea. Nimekuja kulirudisha."

"Neno halirudi na mikono mitupu," akasema mama mmoja mzee, akanirushia sindano. "Kaa utunge."

Basi nikatunga tumbaku tangu asubuhi mpaka jua likapita utosini. Gundi ya majani yale ni nyeusi, inanata, inachukua ngozi. Mikono yangu imeufanya ukurasa huu mweusi, unaona mwenyewe. Na Ellufe alikuwa pembeni yetu anapanga majani kwa mama yake, manne manne, anahesabu kwa midomo bila sauti, na kila yakifika arobaini anaanza upya. Nilimtazama muda mrefu. Mtoto wa miaka mitano. Wale wetu, hata mjukuu wa Mama Laston anayesifiwa, wanapotea kwenye kumi na tatu.

Nikamwambia Mama Ellufe, "Huyu ana akili."

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyemzaa."

Hayo ni maneno yangu mimi, na sijawahi kuyasikia yakitoka mdomo mwingine.

Kisha likaja lori la mwenye shamba na magunia. Kumbe kila Jumamosi wanapewa posho ya unga, mwezi huu wa njaa wote, kila nyumba na debe lake. Sisi tunaowaita watu wa tumbaku hatuna hata ukoko, na wao wana unga. Nikabaki mdomo wazi. Mama Ellufe akaniona. "Hamkuuliza," akasema.

Nilimkimbilia Tiyamike na habari ya unga. Akanisikiliza mpaka mwisho, na mara ya kwanza tangu Alhamisi akaniita mama kwa sauti yake ya kawaida. Lakini akasema, "Mama, tusiwaombe unga. Tukianza kwa kuomba unga watajua tumewataka kwa sababu ya unga. Kwanza watoto."

"Na kama watoto hawaji?"

"Ndiyo maana kesho tunakwenda wote wawili."

Jumapili, 22 Februari

Tumekwenda. Tiyamike hakuhubiri. Aliuliza kila mama, "Mtoto wako anajua nini?" Walishangaa, hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakaanza kusema, huyu anajua nyimbo za kusini, huyu anajua kutofautisha majani, huyu anaigiza mwenye shamba anavyotembea. Tukamwona anavyomwigiza, Tiyamike akacheka mpaka akakaa chini. Akasema kila siku mama mmoja wa ng'ambo atakuja kukaa darasani kufundisha kitu kimoja anachokijua. Mama Ellufe akasema, "Tutaona." Neno hilo silipendi.

Jumatatu, 23 Februari

Watoto tisa. Wawili wa ng'ambo.

Jumanne, 24 Februari

Kumi na mmoja. Mama mzee wa sindano alikuja kufundisha wimbo wa kusini. Watoto wote wameukamata, na mimi pia.

Jumatano, 25 Februari

Mvua kubwa, kijito kimejaa. Watano tu. Nilimkuta Tiyamike anafagia darasa ambalo tayari lilikuwa safi.

Alhamisi, 26 Februari

Maji bado ya kifuani kwa mtoto. Nikasimama katikati ya kijito nikawavusha mgongoni mmoja mmoja, saba kwenda, saba kurudi. Baba Tiyamike alinikuta, akaegesha baiskeli, akaingia majini na viatu vyake. Kumi na sita. Wanapungua wanne, na kesho ndiyo siku.

Mama Laston alipita na mjukuu wake, akanitazama nimelowa. "Jirani, ukuu wa binti umekushusha mpaka mtoni."

"Umenishusha," nikasema. "Shika huyu, ana miguu ya kuteleza." Akamshika.

Ijumaa, 27 Februari

Moto haukuwashwa. Nimeapa hata kibiriti sikukibeba.

Mfumu alifika watoto wakiwa wanacheza, na watoto wanaocheza hawahesabiki. Alihesabu akapata ishirini na mmoja. Akarudia, kumi na tisa. Akarudia, ishirini na sita, kwa sababu mmoja alikuwa anamfuata nyuma. Jasho lilimtoka. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa sababu Tiyamike alinikataza kusema, na bado ni myeusi mikono hii, nikabaki na masharubu.

Tiyamike akachuchumaa, akaanza ule wimbo wa kusini kwa sauti ndogo. Wakaja wote wakakaa duara kama maji yanavyotulia kwenye beseni. Mfumu akahesabu polepole kwa ncha ya fimbo. Ishirini na watatu. Tisa wa ng'ambo, na wa huku watano zaidi ya jana, waliovutwa na ule wimbo.

Lakini hakuridhika bado. "Wamekaa," akasema, "sawa. Lakini wanajua nini?" Na katika duara zima akamchagua Ellufe, aliye mdogo wa umbo kuliko wote, aliyekuja siku ile na kopo. Akainama. "Wewe mtoto, nani?"

Nikafumba macho. Halafu nikasikia sauti ndogo lakini imenyooka: "Mimi naitwa Ellufe. Na wewe je?"

Nilifumbua macho. Hapa kwetu hakuna anayemuuliza Mfumu jina. Hata mke wake anamwita Mfumu. Ndalapa ni jina la kiti, lilikuwa la mjomba wake na la mjomba wa mjomba wake. Mama Ellufe, ambaye zamu ya kukaa darasani ilikuwa yake, aliinuka kumwondoa mtoto, uso umebadilika. Tiyamike akamshika mkono, taratibu, akamwambia, "Ngoja. Ameuliza vizuri."

Mfumu alikohoa. Akatazama mlangoni. Akasema, "Biswick."

Wazee waliokuja naye wakatazamana, miaka thelathini hawajalisikia. Na Ellufe, kwa kuwa ndivyo mchezo unavyokwenda, akapapasa sakafu kando yake, akasema, "Biswick, kaa hapa. Muulize huyu."

Mfumu Ndalapa akakaa chini. Na suruali yake ya kaunda suti. Akamgeukia mjukuu wa Mama Laston, akasema, "Mimi naitwa Biswick. Na wewe je?" Mchezo ukazunguka duara lote mpaka mwisho, na kila mtoto aliitikia jina lake, hata mmoja hakuficha uso.

Aliposimama akajipangusa vumbi. "Mbolea itatafuta pa kulala," akasema. "Shule hii haifungwi." Akaondoka haraka, nadhani alitaka kucheka akiwa peke yake.

Tiyamike alikwenda nyuma ya jengo. Nikamfuata nikamkuta ameegemea ukuta, analia na kucheka. Nikamshika kichwa. Nilikuwa na maneno mengi ya kumsifu, nimeyaandaa tangu Novemba, na yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Ulikuwa sahihi kuchuchumaa."

Tulipogeuka, Mama Ellufe alikuwa amesimama na sahani ya unga, na nyuma yake wengine wanne, kila mmoja na sahani. "Sasa," akaniambia, "unaweza kuwasha. Na safari hii ukoroge kitu."

Jumamosi, 7 Machi

Mahindi mabichi ya kwanza. Mawili kwetu, moja nimelipeleka ng'ambo likiwa la moto.

Ijumaa, 13 Machi

Watoto thelathini na wanne. Siku ya moshi na siku isiyo na moshi ni sawasawa. Mwalimu wa darasa la kwanza amekuja kutazama, akamuuliza Tiyamike anafanyaje. Nilijibu mimi.

Jumanne, 17 Machi

Tiyamike anataka kamati mpya, nusu ya huku, nusu ya ng'ambo. Miezi ya mavuno unga utoke kwetu, miezi ya mvua utoke kwao, na maneno yawe ya wote. Mama Laston anagombea ukatibu. Nimemwambia nitampigia kura akikubali kutopika. Mama Ellufe wanamtaka uenyekiti, na mimi ndiye ninayemfanyia kampeni, kwa mdomo uleule.

Tangazo la siku ya kukarabati shule na kuchagua kamati nimepewa niandike mimi, kwa sababu ya mwandiko. Nimeandika nakala mbili, ya mlango wa kanisa na ya banda la tumbaku, na kwa wasiosoma nitapita nyumba kwa nyumba. Linasema hivi: akina mama njooni na udongo wa kusiriba sakafu, akina baba njooni na nyasi za paa, watoto njooni na majina yenu, wa huku na wa kule, Mfumu atakuwepo, uji utakuwepo na si maji. Jumamosi, tarehe 28 Machi, saa mbili asubuhi.